Maneno Saba ya Bwana Nigam

Kimetoka kitabu huko Delhi, kizito kama tofali, kuhusu waandishi na wahariri mashuhuri wa nchi yetu. Mpwa wangu kanitumia kwa posta. Mzee Tajammul amepewa ukurasa wa mia mbili na kumi, pamoja na picha yake ile ya kofia ya manyoya, shavu limetuna tambuu naye anajifanya hatafuni kitu. Chini ya picha wameandika kwamba mwaka wa sabini na sita, wakati wa Hali ya Hatari, mhariri huyu aliwapinga wadhibiti wa magazeti "kwa kalamu yake, peke yake."

Kalamu yake! Mzee Tajammul, Mungu amrehemu, alikuwa na mwandiko wa kuku aliyekanyaga wino. Kalamu ilikuwa yangu. Ni ya tete, nimeichonga mwenyewe kwa kisu cha baba yangu, na ninayo mpaka leo. Nina miaka themanini na sihitaji kutiwa kwenye kitabu cha mtu. Lakini kuna mwingine waliyemwacha nje ya ukurasa ule, na huyo sikubali aachwe. Kwa hiyo nisikilizeni.

Gazeti letu liliitwa Chaukhat, yaani Kizingiti. Lilikuwa na kurasa nne, na halikupangwa kwa herufi za madini ya risasi hata siku moja. Liliandikwa kwa mkono, lote, kuanzia habari za bunge hadi matangazo ya dawa ya tumbo. Tulikuwa makatibu wanne. Sisemi makatibu wa ofisini wenye funguo na majalada, nasema wa kalamu, waliokaa chini mkekani na ubao gotini. Tukimaliza, karatasi zetu za njano zililazwa juu ya jiwe la chapa, jiwe likashika wino, na asubuhi mji mzima ukasoma mwandiko wetu. Mwanamke nilikuwa peke yangu. Baba alikuwa katibu hapo. Macho yake yalipozimika nikakaa mahali pake. Wale wanaume watatu walininunia mwezi mzima, kisha wakachoka.

Kila siku saa tisa alasiri alikuja Bwana Raghuvar Nigam wa idara ya habari, na penseli nyekundu mfukoni na muhuri kwenye mkoba. Wakubwa wake walimchagua kwa sababu aliweza kusoma hati yetu ya Kiurdu, ya herufi za Kiarabu. Baba yake alimpeleka kwa maalimu tangu mdogo, kama walivyofanya Wahindu wengi wa ukoo wake enzi zile, na Nigam akakua akipenda mashairi kuliko chakula. Kabla ya Hali ya Hatari alikuwa akija kwetu kumsikiliza Mzee akisoma beti zake, akipiga paja kwa furaha. Sasa alikuja kukata.

Masharti yake yalikuwa mawili. La kwanza, neno lisilo na muhuri wake halichapwi. La pili, nafasi tupu haiachwi. Hili la pili lilizaliwa kwa ajili yetu. Mwezi wa kwanza Mzee aliacha safu nzima nyeupe mahali pa tahariri iliyokatwa, mji ukacheka, na ofisi yetu ikafungwa siku tisa.

"Nafasi tupu nayo inasema, Mzee," Nigam alituambia tulipofunguliwa. "Safari ijayo hawatafunga mlango tu. Watakufunga wewe."

Jumatatu moja nilimkuta mwanamke amekaa mlangoni kwetu, na buibui lake limefifia rangi. Aliitwa Bi Rashidan, wa Mtaa wa Kufuli, kule wanakofua kufuli toka enzi za mababu. Mwanawe Shamshad alikuwa fundi wa kazi hiyo. Matingatinga ya manispaa yalipokuja kubomoa karakana za mtaa ule, kijana alisimama mbele ya karakana ya marehemu baba yake akasema hatoki. Polisi wakamchukua. Mama alipokwenda kituoni kesho yake aliambiwa katoroka, na kwamba sasa anatafutwa.

"Hakutoroka," Bi Rashidan aliniambia. "Mwosha maiti wa makaburi ya bondeni alikuja kwangu. Polisi walimletea mwili, wakamwambia aoshe haraka na asiulize. Kamwosha. Kamwona kovu la moto mkono wa kushoto, hapa, alilolipata kiwandani ana miaka kumi na moja. Kamzika yeye mwenyewe, mwanangu. Hata sanda alinunua yeye."

Nilimuuliza anataka nini kwetu.

"Kila Ijumaa Inspekta Zahir Beg anakuja kwangu kumtafuta mtu aliye kaburini. Anamwaga unga, anachana magodoro. Ijumaa iliyopita kasema, kama kaka mtu haonekani, safari hii atambeba dada mtu mpaka kaka ajitokeze. Naseem wangu ana miaka kumi na saba. Unajua msichana akilala kituoni anarudi vipi." Akajipangusa macho kwa ncha ya buibui. "Ijumaa hii ni arobaini ya Shamshad. Nataka kumsomea hitima, lakini watu wanaogopa kuja, maana gazeti limesema yu hai, katoroka. Mimi sijui kusoma, ila nimesomewa. Gazeti limesema. Basi gazeti hilo hilo liseme kafa."

Orodha ile ya watoro, iliyoletwa na polisi ikapigwa muhuri na Nigam, niliiandika mimi. Majina kumi na manne kwa mwandiko mzuri kabisa. Nakumbuka nilipofika jina la Shamshad nilifurahi, kwa kuwa lina shini mbili, ile herufi ya sauti ya sh, na katibu yeyote anapenda shini. Nililipamba jina la maiti, nikamwita mtoro, nikaenda nyumbani nikala wali.

Nilimpeleka mama yule kwa Mzee. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, tambuu limekwama shavuni. Aliandika siku mbili. Alhamisi asubuhi aliniletea makala ya nusu ukurasa: tingatinga, kituo, mwosha maiti, kovu, yote. Chini yake aliweka tangazo la hitima ya arobaini ya marehemu Shamshad, mwana wa Rashidan, Mtaa wa Kufuli, Ijumaa baada ya sala ya alasiri. Niliandika bila kuinua kichwa, na saa tisa Nigam akaingia.

Alisoma amesimama. Alipofika nusu akakaa. Alipomaliza alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Mzee wangu, umepatwa na nini?" alisema. "Hii hata ningekuwa nduguyo wa damu nisingeipitisha."

"Ni kweli au si kweli?" Mzee alimuuliza.

"Mimi sikuajiriwa kujua hilo." Akatoa penseli. Makala yote ikapigwa msalaba mmoja, kona kwa kona. Kisha akashuka kwenye tangazo, akawa anakata neno moja moja. Hitima, akakata. Arobaini, akakata. Marehemu, akakata, tena mara mbili. Siku na saa akakata pia. "Mkusanyiko wa watu zaidi ya watano ni marufuku, nyote mnajua."

Bi Rashidan alikuwa mlangoni palepale, kama siku zote nne. "Bwana mkubwa," alisema, "na jina lake utalikata?"

Nigam hakuweza kumtazama. "Jina la mtu si kosa, mama. Jina nakuachia. Liwe kama tangazo la aliyepotea, huenda akaonekana." Akahesabu kwa ncha ya penseli yaliyobaki, akaandika pembeni: *Yameruhusiwa, maneno saba*. Akapiga muhuri.

Yalikuwa haya: Shamshad, mwana wa Rashidan, Mtaa wa Kufuli.

"Na hiyo nusu ya ukurasa iliyobaki?" niliuliza.

"Mnayo hotuba ya waziri kuhusu usafi wa miji. Nimeshaipigia muhuri tangu jana. Itajaza vizuri." Alifunga mkoba wake akaondoka, na alipompita Bi Rashidan alikunja mabega kama mtu anayepita chini ya maji ya bomba.

Sasa hapa ndipo kile kitabu kinaposema mhariri alipinga peke yake. Mhariri alikaa kitini, akatema tambuu kwenye kopo, akasema, "Iandike hotuba, Qudsia."

"Mzee!"

"Usinipigie kelele. Nina sukari. Nina miaka sitini na sita. Waingereza waliponifunga nilikuwa na meno yote. Iandike, na hayo maneno saba uyatie pale chini, pembeni mwa dawa ya tumbo. Hayo ndiyo tuliyopata."

"Pembeni mwa dawa ya tumbo?"

"Unataka nifanye nini, binti? Niache nafasi tupu? Kesho saa tatu wamefunga, na mtu hajasoma chochote."

Nilirudi mkekani nikaivuta ile hotuba ya waziri. Nikachovya kalamu. Mama yule alikuwa akinitazama. Hakulia, hakuomba, alinitazama tu mikono, kama mtu anavyomtazama fundi anayemtengenezea kitu. Mori ukanipanda mpaka nikaona giza. Niliiandika orodha yao nilipoambiwa, nikaipamba, na leo niandike hotuba juu ya kaburi? Sijawahi kuwa na hasira kama ile, na namshukuru Mungu kwa hasira ile kila siku.

Aliyepita chuoni akafundishwa hati anajua kwamba herufi zetu zina mikono, na mikono hiyo inavutika. Ni kazi ya kila siku ya katibu. Mstari ukipungua, unavuta herufi mpaka ufike ukingoni, msomaji hata hagundui. Baba alinifundisha kuvuta kidogo, kwa adabu, upana wa nukta tano au saba. Kuvuta kupita hapo alikuita umalaya wa kalamu.

Nikasimama. "Mzee, sharti la kwanza ni lipi?"

"Qudsia, nimechoka."

"Neno lisilo na muhuri halichapwi. Na la pili?"

"Nafasi tupu haiachwi."

"Nina maneno saba yenye muhuri na nina nusu ya ukurasa. Nitaijaza."

Alinikodolea macho. Halafu akaelewa, na nikaona uso wake unabadilika, woga ukapita kwanza, kisha kitu kingine ambacho sikuwa nimekiona kwake tangu matingatinga yaje mjini.

"Utaniua, wewe mtoto," alisema.

"Unaogopa?"

"Naogopa sana! Kwani wewe huogopi?"

"Naogopa. Lakini yule binti wa miaka kumi na saba anaogopa kutushinda."

Nje muuza karanga alikuwa akigombana na mteja. Mwishowe Mzee alinyoosha mkono akachukua ile hotuba mkekani, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa ukiyumba miaka yote. "Fremu," alisema. "Izungushie fremu nyeusi, nene. Fremu si neno. Hakuna sheria iliyotaja fremu." Wazo la fremu lilikuwa lake, na haki yake nampa. Kwetu gazeti likipiga fremu nyeusi hata mtoto anajua kuna msiba.

Kalamu yangu kubwa kabisa, ya vichwa vya habari, ilikuwa ndogo. Nilichonga nyingine upana wa vidole vitatu. Nikaanza na Shamshad. Shini ya kwanza niliivuta kutoka ukingo wa kulia, pumzi imenikatika, mpaka katikati ya ukurasa. Shini ya pili ikaishia ukingo wa kushoto. Jina moja, upana wote wa gazeti. Chini yake mwana wa Rashidan, na shini ya mama nikailaza sambamba na ya mwanawe. Kisha mtaa wao. Wale makatibu watatu walikuwa wamesimama nyuma yangu. Mmoja wao, aliyeninunia kuliko wenzake, alipiga magoti akanishikia karatasi isiteleze. Mzee alizungusha fremu yeye mwenyewe, imepinda kidogo kwenye kona ya chini. Kisha akatia jina lake mguuni mwa ukurasa, kama sheria inavyomtaka mhariri.

Nilimwita Bi Rashidan aje aone. Alifuata mkunjo wa herufi kwa kidole, bila kugusa.

"Huyu ndiye?" akauliza.

"Ndiye."

"Mkubwa hivi?"

"Mkubwa hivi, mama."

Asubuhi ya Ijumaa nilipitia mkahawa wa chai wa sokoni. Pale mtu mmoja husoma gazeti kwa sauti na wengine thelathini husikiliza, wala hawajawahi kununua nakala zaidi ya moja. Msomaji alifungua, akakohoa, akasoma maneno saba.

"Endelea basi," mmoja akamwambia.

"Ndiyo yote."

"Vipi ndiyo yote? Nusu ya gazeti?"

Akaligeuza awaonyeshe. Nikasikia vikombe vinatua. Mzee mmoja mwenye ndevu za hina akaanza kuhesabu kwa vidole toka siku ya matingatinga. Alipofika alikofika akasema, "Ni leo," akanyanyuka akaenda kutia udhu.

Nigam nilimkuta ofisini, amesimama, gazeti mkononi. "Bibi Qudsia, umenichimbia kaburi!"

"Kwa lipi, Bwana Nigam? Yahesabu."

"Usinifanyie dhihaka."

"Yahesabu tu. Likizidi moja, niite mhalifu. Na ukiona mahali patupu panapotosha hata kidole, nionyeshe."

Na kweli alihesabu. Ni mtu aliyezoea kutii maandishi, hakuweza kujizuia. Yalikuwa saba. Aliketi juu ya mkeka wetu na suruali yake ya kazini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alilitazama jina lile kwa muda mrefu. "Magazeti mengine ninayokagua, maneno saba ni kipande hiki," alisema, akionyesha ukucha. "Nilisahau niko kwa makatibu." Kisha kwa sauti ndogo, "Baba yako angekuchapa kwa shini hii."

"Angenichapa," nilisema. "Halafu angeomba aipapase."

Hakuamuru magazeti yakusanywe. Alisema amechelewa, yameshauzwa. Yalikuwa yamebaki mia mbili nyuma ya mlango, na aliyaona.

Alasiri nilikwenda Mtaa wa Kufuli nikidhani nitakuta watu kumi. Sikuweza hata kuingia uchochoroni. Walikaa chini kwenye vifusi vya karakana zilizobomolewa, wafua kufuli, wauza nyama, mawakili wawili wenye makoti meusi, wanawake juu ya mapaa. Mabaniani wa soko la nguo, ambao hitima si yao, walileta mitungi ya maji na kusimama pembeni bila viatu. Bi Rashidan mwenyewe alikuwa akigawa juzuu za Kurani, kila moja kwa mikono miwili. Zilikuwa thelathini, na alikuwa amebakiwa na mbili.

Ndipo gari la polisi likaja. Inspekta Zahir Beg alishuka na askari sita. Watu hawakukimbia. Hawakusimama pia. Walisoma, na ile sauti ya watu wengi wanaosoma kila mtu mahali pake ilijaa uchochoro mzima. Beg alipita katikati yao kwa shida, akikanyaga pembeni mwa magoti ya watu, mpaka mlangoni.

"Bi Rashidan," alisema, "mkusanyiko huu nani karuhusu?"

"Sikumwita mtu, mwanangu. Wamesoma gazeti."

"Nimekuja kumtafuta Shamshad."

"Karibu," alisema, akamnyooshea juzuu. "Ndiye huyu tunayemsomea. Chukua. Wewe ni mtoto wa Kiislamu, mamako alikufundisha. Ukimpata humo, nami uniambie."

Beg hakuinua mkono. Akiichukua mbele ya watu wale, amekiri kwamba aliye kwenye orodha yake ni maiti. Akiikataa, kuna watu mia tatu wanaoona anakataa juzuu ya msiba kutoka kwa mikono ya mama. Jasho lilimshuka hadi kwenye kola. Mikono ya mama nayo ilikuwa imenyooka vilevile, na Naseem alikuwa nyuma yake, amemshika buibui.

Askari mmoja wa nyuma, mtu mzima mwenye mvi, jina lake Sharfuddin, aliegemeza kirungu chake ukutani. Akainama, akafungua kamba za buti, moja, kisha ya pili. Akasogea na soksi zake zilizotoboka, akaipokea ile juzuu kwa mikono miwili, akaibusu, akakaa chini palepale miguuni mwa mkubwa wake, akaanza kusoma kwa sauti iliyovunjika.

Beg alimtazama. Aligeuka akarudi kwenye gari kwa njia ileile, na safari hii watu walimpisha. Nyumba ile hakuipekua. Hakuipekua siku ile wala Ijumaa iliyofuata wala nyingine yoyote, na Naseem aliolewa nyumbani kwa mama yake.

Jumamosi walilifunga gazeti. Mzee alikaa jela miezi mitano na sukari yake, akatoka hana jino hata moja, na hakuwahi kunilaumu. Nigam alihamishiwa idara ya misitu. Mimi niliandika kadi za harusi mpaka uchaguzi ulipokuja na serikali ile ikaanguka.

Basi, wenye kitabu, hayo ndiyo ya ukurasa wenu wa mia mbili na kumi. Jana niliichonga upya ile kalamu ya upana wa vidole vitatu. Mikono yangu inatetemeka siku hizi, lakini shini bado inanijua. Nimeufungua ukurasa ule mezani, na juu ya mistari yenu yote, kutoka ukingo wa kulia hadi ukingo wa kushoto, nimeandika: Shamshad, mwana wa Rashidan, Mtaa wa Kufuli. Kisha nimezungusha fremu.